Rampu peke yake haitoshi

Ndugu, umeuliza kama rampu ya zege mlangoni inatosha kwa ukumbi wenu wa Ntinda. Inategemea mteremko wake. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: ngazi zikiwa na kimo cha sentimita 60, rampu iwe na urefu wa mita 7.2. Nyingi hapa Kampala ni fupi na kali mno, mwenye kiti cha magurudumu hapandi bila kusukumwa. Hayo ni mapambo ya kumridhisha mkaguzi tu! Pimeni na mlango wa choo, maana Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inawabana wenye majengo yanayoingiwa na umma, vyoo vikiwemo.

Kuhusu tovuti: tangazo lenu ni picha tupu. Asiyeona anayetumia TalkBack, programu inayomsomea skrini ya simu kwa sauti, mara nyingi atasikia "picha", basi. Tarehe, mahali, kiingilio, vyote vinampita. Andikeni maneno yaleyale chini yake, bure kabisa. Na kwa viziwi, wekeni namba ya kutumiwa ujumbe, si ya kupigiwa tu.