Jibu: Kuchemsha nyama ya kasa kwa muda mrefu hakuondoi sumu

Assalaam alaykum, ndugu yangu. Umeuliza kama nyama ya kasa mliyoletewa jana, ambayo baadhi ya jamaa wamekwisha kuila, itakuwa salama ikichemshwa saa nyingi. Haitakuwa salama, kwa sababu sumu yake haiharibiwi na moto, wala haibadilishi harufu au ladha ya nyama.

Kwanza hakikisha ni nani waliokula, ukianza na watoto na mama anayenyonyesha, kwani sumu hupita katika maziwa. Wapelekeni wote hospitali hata kama hawajaugua, maana dalili, yaani kuwashwa mdomo na koo, kutapika, maumivu ya tumbo, kisha usingizi mzito, huweza kuchelewa kwa siku kadhaa. Dawa ya kuizima sumu hiyo haipo; madaktari hutibu dalili tu.

Sisi wa Pemba tulizika watu 7 Novemba 2021 na wengine 9 Machi 2024, wakiwemo watoto 8, na bado nasikia watu wakisema kwamba kasa huliwa tangu zamani. Ni kweli huliwa, lakini mmoja huwa na sumu na mwingine hana, na jikoni hakuna awezaye kuwatofautisha. Nyama iliyobaki ifukieni, msiwape hata paka.