Mwanangu, waulize wanahesabuje mzunguko

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umesema mna mipango miwili ya bima mbele yenu: mmoja unalipia "matibabu ya uzazi" hadi kiasi fulani cha fedha, mwingine unalipia mizunguko 2 ya IVF, yaani kurutubisha mayai nje ya mwili, na usajili unakaribia kufungwa. Mimi ningechukua ule wa mizunguko, kwa sharti kwamba wakuandikie kwanza, si kwa simu, mzunguko kwao ni kitu gani.

Wengi huumia hapo. Mzunguko wa IVF ni msururu wa hatua: sindano za kuchochea mayai kwa siku 8 hadi 14, ultrasaundi na vipimo vya damu kila baada ya siku chache, sindano ya kukomaza mayai, kuyavuna saa 34 hadi 36 baadaye, kuyarutubisha maabara, kukuza viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, hadi siku ya 5 au ya 6, kisha kupandikiza kwenye kizazi au kugandisha. Kuna bima zinazoanza kuhesabu tangu sindano ya kwanza. Mayai yakigoma kukua na daktari akasimamisha kila kitu, kwao mzunguko mmoja umeshaliwa ingawa hujavuna hata yai moja. Nyingine huhesabu tangu siku ya kuvuna, na hizo ndizo afadhali.

Swali la pili ni la viinitete vilivyogandishwa. Ukivuna mara moja ukapata viinitete 3 vizuri, utavipandikiza kimoja kimoja kwa nyakati tofauti. Bima inayoita kila upandikizaji mzunguko mpya itakulipia cha kwanza na cha pili, cha tatu kitabaki kwenye tangi la naitrojeni kikisubiri mfuko wako. Tena mpango wa namna hiyo huwasukuma watu kupandikiza viwili kwa pamoja ili "wasipoteze nafasi". Usikubali kusukumwa na bima katika hilo. Mimba ya mapacha huongeza hatari ya kujifungua kabla ya wakati na ya shinikizo la damu kwa mama, na uamuzi huo ni wako na daktari wako.

Ule mpango wa kikomo cha fedha nao una mitego yake. Uliza kama kikomo ni cha mwaka au cha maisha yote ya uanachama. Tofauti ni kubwa mno. Uliza pia kama dawa zinakatwa humohumo. Sindano za kuchochea mayai ni ghali, na dozi yake hupanda kadiri hazina ya mayai inavyopungua, kwa hiyo anayehitaji msaada zaidi ndiye kikomo kinamwishia mapema. Dawa zikiwa na fungu lake pembeni, kikomo kidogo kinaweza kukufikisha mbali kuliko kikubwa.

Neno "uzazi" kwenye kijitabu lisikutulize. Mara nyingi maana yake ni kwamba watalipia uchunguzi tu: kipimo cha AMH, homoni inayoonyesha hazina ya mayai, picha ya mirija ya uzazi, kipimo cha mbegu za kiume. Tatizo likishajulikana, wanaaga. Na mkwe wangu msimsahau. Katika karibu nusu ya wenzi wanaokosa mtoto, upande wa mwanamume una mchango wake, peke yake au pamoja na wa mwanamke. Akiwa na bima yake mwenyewe, wekeni wazi mapema nani analipia vipimo vyake na kudungwa kwa mbegu moja ndani ya yai, yaani ICSI. Vinginevyo kila bima itawatuma kwa mwenzake.

Masharti ya kustahili yasome polepole. Mipango mingi hutaka miezi 12 ya kujaribu bila mafanikio, au miezi 6 kwa mwanamke aliyefikisha 35. Ukiona daktari, hakikisha ameandika kwenye faili mlianza lini. Bila tarehe hiyo idhini ya bima hukwama. Baadhi hutaka upitie IUI, yaani kuingiziwa mbegu ndani ya kizazi, mara kadhaa kabla ya IVF. Kama mirija yote miwili imeziba, IUI haina maana yoyote, basi daktari aombe msamaha wa sharti hilo kwa barua yenye majibu ya picha. Angalia ukomo wa umri, na kipindi cha kusubiri: ukiambiwa miezi 12, ihesabu pamoja na umri wako, kwa maana mayai hayasubiri bima. Kama una uvimbe kwenye kizazi au maradhi mengine ya zamani, yataje kwenye fomu. Ukiyaficha, wanaweza kukataa dai lote baadaye.

Usinunue dawa hata chupa moja kabla ya idhini ya awali. Soma tarehe ya mwisho ya idhini hiyo na huduma zilizotajwa, kwani idhini ya IVF ya kawaida huenda isibebe ICSI wala kugandisha, na katikati ya sindano hutakuwa na muda wa kuomba nyingine. Mwombe daktari ataje yote yanayowezekana tangu mwanzo. Kliniki kuwa kwenye orodha ya bima hakutoshi pia: maabara na daktari wa usingizi huweza kuwa nje ya orodha, na bili zao zikakujia wewe. Ada ya kuhifadhi viinitete hulipwa kila mwaka. Uliza bima inailipa kwa muda gani.

Mwisho, tazama sehemu ya kujifungua. Ina kipindi chake cha kusubiri, na mtoto mchanga huwa na siku maalumu za kuandikishwa.

Nitumie jedwali la mafao na ukurasa wa yasiyolipiwa wa mipango yote miwili, nivisome kabla hujatia sahihi. Kile kijitabu chenye picha za watoto wanaocheka kiache.

Mama yako