Mvua Yanyesha Mlimani, Maji Yafika Kwako: Majibu kwa Wasomaji

Barua zilizotufikia tangu masika yaanze ni nyingi, na karibu zote zinahusu maji. Nimechagua tano.

Dada yangu anaishi Florida, na kila mwaka kuanzia Juni hutueleza jinsi wanavyoziba madirisha kwa mbao wakisubiri kimbunga. Je, kimbunga kama hicho chaweza kufika Kisumu? (Msomaji, Kondele)

Hapana, ndugu msomaji. Kimbunga cha namna hiyo huhitaji bahari yenye joto la kuanzia nyuzi 26 hivi, na huhitaji pia msukumo wa mzunguko wa dunia unaoufanya upepo ujizungushe. Msukumo huo hufifia kadiri unavyoikaribia ikweta, na Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Kimbunga Idai kilibomoa Beira, Msumbiji, mwezi Machi 2019, na Hidaya kikafika pwani ya Tanzania Mei 2024, lakini vimbunga huishiwa nguvu vikiacha bahari. Hata hivyo, usimpe dada yako pole kisha ukajilalia. Yeye huonywa siku kadhaa kabla, ilhali mto wa kwetu waweza kufurika kwa usiku mmoja.

Tunaishi kando ya Nyando, karibu na Ahero. Tutajuaje wakati wa kuhama, maana mara nyingine maji huja hata kama kwetu hakujanyesha tone? (Mama wa watoto watatu)

Mama, hilo ndilo swali nililotamani kuulizwa. Maji yanayoingia nyumbani kwako yamenyesha kwenye milima ya Nandi na nyanda za juu za Kericho, yakateremka kwa kasi hadi tambarare za Kano, ambako mto hupungua mwendo, humwaga tope lake na kukosa nafasi ndani ya kingo zake. Kwa hiyo usitazame anga lililo juu ya paa lako. Tazama upande wa milima. Mawingu meusi yakikaa huko kutwa nzima, maji yakageuka mazito yenye rangi ya udongo na kuanza kubeba matawi, hiyo ndiyo taarifa yako. Kama una jamaa Muhoroni, mpatane akupigie simu mto unapojaa. Chomeka fito ukingoni, uikate alama kwa kisu kila upana wa kiganja, na iwapo maji yatameza alama mbili kati ya magharibi na saa tatu usiku, msilale: ondokeni mkiwa bado mnaona njia.

Vyeti, vitambulisho, dawa na kadi za kliniki za watoto vikae tangu sasa katika ndoo yenye kifuniko kinachobana. Katika shule moja iliyogeuzwa kambi niliwahi kumwona mama akitandaza vyeti vya wanawe juu ya dawati, kimoja kimoja, akivipuliza kwa pumzi yake, na wino ulikuwa umekwisha kuenea hata majina hayasomeki. Mifugo nayo ifunguliwe kamba mapema, kwa kuwa ng'ombe huweza kuogelea ila si akiwa amefungwa kwenye kigingi. Tena nawasihi akina baba waache desturi ya kubaki nyuma kulinda mabati. Mkizingirwa, nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, na haitozwi malipo.

Mimi ni mwendeshaji wa bodaboda. Maji yakipita juu ya barabara lakini hayajafika magotini, naweza kuvuka na abiria? (Awasi)

Usivuke. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu huweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika 30 husukuma gari dogo. Isitoshe, maji ya tope hayakuonyeshi kama kalavati iliyo chini yake ingalipo. Nauli utaipata kesho.

Huku Nakuru hatuna mto mkubwa. Kwa nini tuogope mafuriko? (Msomaji, Bahati)

Kwa sababu maji hayahitaji mto ili yaue. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka huko Solai usiku, na zaidi ya watu 40 wakafa. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya mapambazuko, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, mahali ambapo njia yake ya kupitia ilikuwa imeziba, yalivunja tuta hilo na kuteremkia Mai Mahiu wakati watu wamelala. Naomba Jumamosi moja upande juu ya makazi yenu ukajionee kilichoko: bwawa la shamba, tuta, korongo, kalavati iliyojaa takataka. Ukiona ukuta wa bwawa la udongo unatoa maji ya tope chini yake, waondoe watu kwanza, halafu ndipo umtafute chifu.

Mafuriko yamepungua nasi tumerudi nyumbani. Kisima chetu kinaonekana safi. Tunywe? (Budalang'i)

Bado. Maji yaliyofunika kisima yalipita kwanza kwenye vyoo vya shimo, na usafi unaouona ni tope tu lililotua. Kisima kitolewe maji, kitiwe klorini na kukaguliwa na afisa wa afya ya umma. Kwa sasa, chujeni maji ya kunywa kwa kitambaa safi, kisha yachemke kabisa kwa dakika nzima, na myahifadhi katika chombo chenye kifuniko. Mtu akianza kuhara majimaji, mpeni maji safi lita 1 yaliyokorogwa na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko hivyo vikiwa vimesawazishwa, anywe kidogo kidogo njiani mkimpeleka zahanati. Msingoje kupambazuke.