Kondoo mmoja, kondoo wawili

SWALI: Mhariri, mwanangu wa darasa la sita aliandika "sheeps" na "childs" katika zoezi la Kiingereza, akakosolewa yote mawili. Mwalimu anasema ni maneno ya kukariri tu. Je, hakuna sababu?
Mzazi, Morogoro

JIBU: Kukariri hakuepukiki, ndugu msomaji, lakini sababu ipo. Kiingereza cha kale, kilichozungumzwa hadi mnamo mwaka 1100, kiligawa nomino zake katika makundi, karibu kama ngeli zetu, na kila kundi lilikuwa na namna yake ya kuunda wingi. "Sheep" na "deer" zilikuwa katika kundi ambalo umbo la wingi halikutofautiana na la umoja, nazo hazijabadilika hadi leo. Wingi wa "foot" ulikuwa na kiambishi tamati chenye sauti ya "i", ambacho kiliivuta irabu ya shina kuelekea kwake, kisha chenyewe kikatoweka, kikatuachia "feet".

Neno "children" ndilo linalonifurahisha zaidi: wingi wake wa kale ulikuwa na "r" mwishoni, kisha wasemaji, kana kwamba hawakuridhika, wakaongeza "en", hivyo likabeba wingi mara mbili.

Mkumbushe mwanao kwamba hata kwetu kondoo habadiliki. Idadi yake hudhihirishwa na kitenzi, kama katika "kondoo amelala" na "kondoo wamelala", jambo ambalo Mwingereza naye hulifanya anaposema "the sheep is" na "the sheep are".