Muulize Bwana Shamba: Shoo ya kaunti, nani alimwiga nani?

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Naishi Lynn, Massachusetts. Binti yangu wa miaka 11 anafuga sungura katika klabu ya watoto ya 4-H, na Oktoba atampeleka Topsfield Fair, maonyesho ya kilimo ya kaunti yetu ya Essex. Nilipomwambia kwamba hata kwetu Kitale tulikuwa na shoo, alinicheka. Ameambiwa klabuni kuwa Wamarekani ndio waliobuni jambo hili, sisi tukaiga. Ni kweli? Na mbona kila nikienda naona bembea na vyakula vya kukaangwa kuliko ng'ombe? Mwisho, huyo sungura tumwandaeje?
– Baba Sungura, Lynn

JIBU: Marahaba, Baba Sungura. Binti yako amepata nusu. Nusu nyingine mpe wewe jioni, akishamaliza kusafisha kizimba.

Habari ya kwao inaanza na mfanyabiashara aliyeacha benki akaenda kulima, na watu wa aina hiyo nimewaona wengi. Huyu aliitwa Elkanah Watson. Mwaka 1807 alihamia Pittsfield, upande wa magharibi wa jimbo lenu, akaleta jozi ya kondoo wa Merino, wale wa Hispania wenye sufu laini. Hakuandika kijitabu wala hakuitisha mkutano. Aliwafunga chini ya mti kwenye uwanja wa mji, akawaacha watu wajionee. Wakulima walifurika, hata wake zao wakaja. Watson akajiuliza: ikiwa kondoo wawili tu wamekusanya umati huu, je, tukileta mifugo ya kaunti nzima? Mwaka 1810 yakafanyika maonyesho ya mifugo ya Berkshire, na mwaka uliofuata chama cha kilimo kikasajiliwa, chenye zawadi na maandamano ya ng'ombe wa kukokota plau.

Ninachompendea Watson ni kwamba aliwaelewa wakulima. Aliona mapema kuwa bila akina mama shughuli haitashika, akaweka zawadi za vitambaa walivyofuma nyumbani. Siku ilipofika, vitambaa vipo lakini wenyewe wanaona haya kuingia ukumbini. Ikabidi amwombe mkewe atangulie ndipo wengine wafuate. Bwana shamba yeyote aliyewahi kuitisha baraza akakuta wanaume watupu atamwelewa.

Mtindo huo ulienea haraka. Chama cha kilimo cha Essex, ndicho chenye Topsfield Fair hadi leo, kilianzishwa 1818. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Timothy Pickering, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Kwa miaka mingi maonyesho yalihamahama mji hadi mji, kisha yakatulia Topsfield mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia yalisimama, baadaye yakarudi.

Sasa upande wetu. Shoo za Kenya hazikutoka kwa Watson. Walowezi waliunda chama chao mwaka 1901, na mwaka uliofuata wakafanya maonyesho Nairobi, kwa desturi waliyotoka nayo Uingereza. Huko kulikuwa na vyama vya namna hiyo tangu karne ya 18. Kile cha Bath kilianzishwa 1777, miaka 30 kabla ya kondoo wa Pittsfield. Kwa hiyo shoo ya Kitale na ya Topsfield ni binamu, hakuna aliyemzaa mwenzake. Na tusisahau kwamba yetu kwa muda mrefu ilikuwa sherehe ya wenye mashamba makubwa. Mwafrika alikuwepo, lakini ameshika kamba ya ng'ombe wa mtu.

Ila kwenye klabu binti ana haki. Mwaka 1902 mkuu wa shule mmoja wa Ohio, A. B. Graham, aliwakusanya watoto wa wakulima wapande mahindi na kupima udongo. Kutokana na vikundi kama hivyo ikakua 4-H. Sisi tukaichukua tukaiita 4-K: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Muulize kama anajua hilo! Klabu zetu zilififia, zikazinduliwa upya mwaka 2021.

Kuhusu bembea, usiwalaumu sana. Zawadi zinataka fedha, na fedha hutoka langoni. Karne ya 19 waliweka mashindano ya farasi, wazee wakanung'unika kuwa kilimo kimesahauliwa. Kisha maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893 yakaleta gurudumu la Ferris, lile bembea kubwa la kuzunguka, na uwanja mzima wa burudani, na makampuni ya michezo yakaanza kuzunguka na burudani za namna hiyo kaunti kwa kaunti. Kwani sisi tulipokuwa wadogo tulipanda lori la shule twende kuangalia mbolea? Tulikwenda kusikiliza bendi na kula pipi ya pamba. Hata hivyo ukitaka kilimo Topsfield utakipata: mwaka 2012 boga la Ron Wallace lilipimwa hapo likafika ratili 2,009, zaidi ya kilo 900, la kwanza duniani kupita ratili 2,000.

Mimi nimekuwa mwamuzi wa mahindi. Unatazama kama punje zimejaa hadi ncha, mistari imenyooka, gunzi halina tundu la dumuzi. Lakini aliyenifundisha kazi ya shoo ni marehemu baba. Mbegu ya mahindi chotara ya H611 ilipotoka Kitale mwaka 1964, alimsikiliza bwana shamba wa wakati ule kwa adabu, akapanda mbegu yake ya zamani. Alibadili siku alipoona mahindi ya jirani mezani yana utepe, jirani ambaye shambani hakuwa akimheshimu hata kidogo. Kutoka shoo hakula chakula cha jioni, alikuwa anapiga hesabu ya mifuko.

Haya, sungura. Mwamuzi atafungua mdomo: meno ya juu yapite mbele kidogo ya ya chini, yasipishane ovyo. Atachungulia ndani ya masikio akitafuta ukurutu, kisha ageuze miguu ya nyuma aone kama nyayo zina vidonda. Kwa hiyo mzoezeni kugeuzwa chali tangu sasa, asije akampiga mwamuzi mateke. Msimwogeshe, anaweza kupata mshtuko. Pitisheni mkono wenye unyevu kidogo uondoe manyoya yaliyokufa. Kucha zikatwe siku chache kabla. Na ulizeni klabuni mapema kuhusu alama ya wino ya sikio la kushoto, kwani sungura wengi wa mashindano hutakiwa kuwa nayo.