Usisome Barua ya Gavana Peke Yake

Kwetu Mombasa, mazungumzo ya barazani yakifika kwenye Mwambao, ule ukanda wa Pwani, au ardhi, hakosekani mtu wa kutoa simu na kuonyesha picha ya barua ya zamani. Gavana wa Kenya kamwandikia Waziri wa Makoloni London, au Waziri kamjibu Gavana. Basi mjadala unafungwa, kana kwamba hakimu ameshahukumu. Nimezisoma barua hizi kwa miaka mingi, nyingine katika Makavazi ya Kitaifa kule Nairobi, nyingine kwa nakala kutoka Kew, yaliko makavazi ya taifa ya Uingereza. Kijana anayeanza utafiti mimi humwambia hivi: tafuta kwanza barua hiyo iliambatishwa na nini, na ilipofika London iliandikiwa nini.

Ilipofika London, barua ya Gavana haikwenda moja kwa moja kwa Waziri. Ilianzia kwa karani mdogo, ikapanda kwa wakubwa zake, na kila mmoja aliandika maoni yake na kutia herufi za jina lake. Kurasa hizo ndizo hazina ya faili. Humo afisa anauliza gharama atalipa nani, mwingine anahofia maswali ya Bunge, wa tatu anasema wazi kwamba hoja ya Gavana haimridhishi. Kisha inakuja rasimu ya jibu, na hapo nakuomba usiharakishe. Utakuta sentensi kali imepigwa mstari wa wino, na juu yake imeandikwa nyingine laini kwa mwandiko wa mtu mwingine. Barua iliyosafirishwa ina lile neno laini tu. Ukisoma hiyo pekee, utadhani wakubwa hao hawakuwahi kutofautiana.

Viambatisho navyo vina uzito wake. Kwa kanuni za makoloni, raia aliyetaka kupeleka malalamiko kwa Waziri alipaswa kupitia kwa Gavana, na aliyeandika moja kwa moja, ombi lake lilirudishwa kwa Gavana atoe maelezo. Kwa hiyo malalamiko ya wazee wetu yalifika London yakiwa chini ya barua ya mtu yule yule waliyemlalamikia. Mimi huanza na ombi la wazee, nikalimaliza, ndipo nikamsoma Gavana. Ukianza naye utawasikia wazee kwa masikio yake, na hiyo naiona dhuluma ya pili kwao.

Chukua mfano wa mwaka 1919. Gavana Edward Northey alitoa waraka wa kuwataka maafisa wa serikali wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Wamishonari na watu wa Uingereza wakapinga. Mwaka 1920 Waziri Milner alimuunga mkono Gavana. Mwaka 1921 Waziri Churchill akaagiza maafisa wasiwatafutie waajiri binafsi vibarua. Mwenye barua ya Milner atasema London ilikubali. Mwenye ya Churchill atasema London ilitulinda. Wote wawili wana karatasi halali mkononi.

Mambo ya Mwambao ndiyo yanayoniuma zaidi, maana vijana wetu wanagombana kwa karatasi nusu. Mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895 uliiachia Uingereza kuutawala ukanda wa maili kumi huku enzi ikibaki kwa Sultani wa Zanzibar, aliyelipwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Ndiyo maana mwaka 1920 bara ilifanywa Koloni na Pwani ikabaki Himaya. Hayo ni kweli, lakini hayakuishia hapo. Kuna ripoti ya James Robertson ya mwaka 1961, iliyochunguza hatima ya ukanda huo, na kuna makubaliano ya Oktoba 1963 yaliyoutia ukanda huo ndani ya Kenya. Anayekuonyesha mkataba wa 1895 muulize na wa 1963 uko wapi.

Kama unatafuta kiwanja cha babu yako, barua za Gavana hazitakufaa sana. Hizo ni za sera. Anzia kwenye kumbukumbu za ardhi na madai yaliyopelekwa chini ya sheria ya hatimiliki ya 1908.

Kule Kew, mfululizo wa Kenya unaitwa CO 533, nao unaanza mwaka 1905, Wizara ya Makoloni ilipochukua shughuli zetu kutoka Wizara ya Mambo ya Nje. Ya kabla ya hapo yatafute kwenye karatasi za wizara hiyo ya pili. Barua zilipewa nambari kwa mfuatano, na za siri zilikuwa na mfuatano wake, kwa hiyo ukiona nambari imeruka, simama. Mwaka 1961 Waziri Iain Macleod aliagiza kwamba serikali za uhuru zisiachiwe karatasi zinazoweza kuiaibisha Uingereza. Nyingine zilichomwa, nyingine zikasafirishwa Uingereza. Kesi ya wazee wa Mau Mau ndiyo iliyoilazimisha Uingereza kukiri mwaka 2011 kwamba inazo, na sasa zimo katika mfululizo wa FCO 141. Andika nambari iliyoruka, mwaka wake na jambo lililokuwa likizungumzwa, kisha pitia orodha ya FCO 141 kabla hujamwambia mtu kwamba barua hiyo haipo.