Je, shule inunulie kila mwanafunzi kifaa cha kusikilizia?

Habari mwalimu. Umeuliza kama shule yenu inunulie kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza kifaa cha MP3 na hedifoni kwa ajili ya kusikiliza Kiingereza. Kwa maoni yangu, msianze na kila mwanafunzi.

Kabla ya bei, angalieni sauti zenyewe: nani atarekodi, tena kila wiki? Shuleni kwetu tulinunua vifaa 20. Rekodi zikaisha baada ya wiki tatu, vikalala kabatini. Vilifufuka walimu wawili wa lugha walipoanza kurekodi wenyewe hadithi na imla kwa simu zao. Wanafunzi waliokuwa wakiona haya kuniomba nirudie, sasa hurudia sentensi moja hata mara kumi. Kwa hilo tu, naitetea njia hii.

Hata kwingine kumpa kila mwanafunzi hakukuendelea: Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kiliwapa wanafunzi wapya zaidi ya 1,600 iPod (vifaa vya kusikilizia vya kampuni ya Apple) mwaka 2004. Mwaka uliofuata kikawapa wale tu ambao kozi zao zilizihitaji.

Nunueni seti ya darasa moja, kila kifaa kiwe na namba, na hedifoni za akiba, maana waya ndio hukatika kwanza. Vichajiwe usiku, mwalimu wa zamu avihesabu asubuhi.